Mjusi Uliyemwita Jirani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini nikianza barua yako bila shikamoo mkono wenyewe unagoma kuandika.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba chako hapa Malangali. Kitanda nimekitoa, cherehani yangu imeingia mahali pake, na dirisha ni lile lile linalopitisha baridi. Mambo yote nimeyaweka sawa isipokuwa moja, na hilo ndilo limeniketisha leo.

Unakumbuka ulivyokuja kutoka Mpui baada ya kiharusi? Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, mguu hauendi, ulimi mzito. Wiki ya kwanza hukutaka kuongea na mtu. Mwanaume aliyelima ulezi na mahindi maisha yake yote, leo anafungwa vifungo vya shati na binti yake! Nilikuelewa, ila nilichoka kuongea peke yangu kama redio. Kisha asubuhi moja naingia na uji, nakusikia unasema taratibu, "Jirani, umeamkaje?" Nikatazama huku na huku. Alikuwa mjusi wa ukutani, hana mkia, kajibanza pembeni ya picha ya Bikira Maria.

Mimi na mijusi hatupatani, unajua. Marehemu mama alitulea tukiamini kwamba mjusi hutemea chakula mate. Nikashika ufagio. Ukasema, "Mama, mwache. Ananisikiliza." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na ukiniita hivyo sikuwahi kukushinda.

Basi nikawa mlishaji wa mjusi. Maji kwenye kizibo cha soda, yabadilishwe kila asubuhi. Wakati wa mvua kumbikumbi: nusu nakukaangia wewe, nusu nawatoa mabawa kwa ajili yake, maana Jirani alikuwa na madaha. Ulishika kifuniko cha kopo kwa mkono wako mzima, ukakiegemeza ukutani, ukasubiri. Yeye anashuka kidogo, anasimama, anakutazama, anashuka tena. Uvumilivu ule ulinishangaza. Sisi wanao hukutusubiri hivyo hata siku moja. Watu wa mtaani sikuwaambia. Mji wetu una jina lake la uchawi huko mikoani, na ukifuga mjusi hapa hakuna atakayekuita mfugaji.

Lakini ulianza kucheka, baba. Ulimsimulia Jirani habari za maksai wako, yule mkorofi aliyevunja jembe, na kadiri ulivyosimulia ulimi ukalegea, maneno yakarudi. Nilikuwa nasimama jikoni na mwiko mkononi nikisikiliza. Mjusi alifanya kazi iliyonishinda mimi na dawa zote za hospitali, na niliona wivu kidogo, sitakuficha.

Sasa lile jambo.

Mwezi wa saba baridi ilikaza, wadudu wakaadimika. Ukaniambia, "Mama, Jirani ana njaa." Nikaenda stoo. Kwenye mdomo wa gunia la mbegu nikakuta wale vipepeo wadogo wa mahindi, wamelala tu, hata hawaruki. Nikamshukuru Mungu kwa kunirahisishia. Nikakuletea saba, ukamlisha mwenyewe, mmoja mmoja, huku unamsifu kwa kula. Gunia la mbegu, baba. Lile nililolitia dawa kwa mikono yangu wiki moja kabla. Binti wa mkulima nisijiulize kwa nini mdudu wa mahindi amelegea!

Kesho yake mchana, ukiwa umelala, nilimkuta sakafuni, tumbo juu. Nilimzika nyuma ya choo, penye maboga. Ningekuamsha nikuambie. Niliogopa. Niliogopa utanyamaza tena, na safari hii usirudi. Zaidi niliogopa utajua kwamba mkono wako ndio uliompa sumu.

Nikatafuta mwingine. Nilimpata bafuni, naye alikuwa na mkia. Nikaushika ule mkia, akauachia mwenyewe, ukabaki unarukaruka kwenye vidole vyangu. Nililia, mimi niliyekuwa nawakimbiza kwa ufagio. Nikamweka pembeni ya picha kabla hujaamka.

Jioni ukanyoosha kifuniko, akakimbia. Siku ya pili akakimbia tena. Nilisimama mlangoni nikitazama. Ukasema, "Mwache. Mtu akiugua husahau hata wa kwao." Ukaanza upya, kifuniko ukutani kila jioni, wiki tatu nzima, mpaka akashuka. Nami nikajipongeza kwamba nimekudanganya vizuri.

Baada ya kuanua matanga, shangazi alibaki kunisaidia kukunja nguo zako. Akamwona mjusi ukutani, akacheka, halafu akafuta machozi kwa kanga. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Nilipokuja kumwona, kaka aliniambia, 'Dada, huyu si Jirani. Wa kwangu amekufa, nadhani ni wale wadudu niliompa. Mama kanitafutia mwingine, hata mkia kamtoa. Usimwambie kwamba najua. Atajilaumu.'"

Nilikaa juu ya rundo la mashati yako. Kumbe zile wiki tatu ulikuwa unamzoeza mgeni kwa ajili yangu. Mimi nakuficha wewe, wewe unanificha mimi, na katikati yetu mjusi anakula kumbikumbi. Tungeweza kumlilia Jirani pamoja, tukacheka pamoja pia. Nakukumbuka sana, baba, na ninajikasirikia sana.

Shangazi alisema ulirudia maneno yale mara mbili, kwamba wewe ndiye uliyempa. Hukujua habari za dawa. Hukujua wale wadudu niliwatoa gunia gani. Ulikwenda nalo hilo, na mimi nilikuwa chumba cha pili, nashona.

Pumzika, baba. Haukuwa mkono wako.

Ni mimi,
kitindamimba wako