Mutoto wa Tumbo

Mama,

Jana tuliondoa matanga yako, na leo nakuandikia na hasira kidogo. Unisamehe. Kichwa yangu imechanganyikiwa, sijui nikulilie ao nikugombeze.

Mujomba, kaka yako wa Fizi, alishuka na bantu bake akasema mimi Riziki, juu ni mwalimu, ndiye nitasoma historia ya maisha yako mbele ya bantu bote. Vizuri. Halafu akaongeza: "Na utaje mutoto wa tumbo ni nani. Huyo ndiye atabaki mu hii parsele, kiwanja na nyumba." Ee Mama! Ulikufa tu, nabo tayari banapima ukuta.

Mwanzo haikunisumbua. Niliandika namna ulifika Baraka ukikimbia vita ya milima, Amani mugongoni, Esperansi na mimi tukishika kikwembe yako ya kiunoni, badogo sana, hatukumbuki kitu. Niliandika namna ulianza kuuza ndagala, samaki ile kidogo ya ziwa, kwa kibakuli, mpaka siku ulisimama mbele ya benye mitumbwi, ukabaambia mujane anunue wa kwanza, ao bamama bote barudi nyumbani na bitunga bitupu, bila kununua. Balikucheka. Samaki ikaoza pale muchangani, bakaacha kucheka. Mpaka leo, hapa Baraka, mujane ananunua wa kwanza. Hiyo niliiandika kwa furaha.

Lakini batoto? Bote banajua neno yako: "Mumoja ni wa tumbo, bawili Mungu alinipatia njiani." Kila muntu alikuuliza ni yupi, ukacheka, ukamupa bugali. Mujomba naye, miaka ile ya vita, alikuwa ng'ambo ya ziwa, mu kambi ya bakimbizi, hakuona kitu. Mimi nilijua. Uliniambia nikiwa mudogo, tukichambua sombe, majani ya muhogo: ulinizaa Mboko, kando ya barabara, mvua inanyesha, mama mumoja wa njiani akakufunika na kikwembe yake. "Nyamaza, mutoto yangu. Bengine batahuzunika."

Nikanyamaza maisha yote. Nilibahurumia, Mama. Kila mara nilimuachia Esperansi kichwa ya samaki, nikisema moyoni, masikini, huyu balimuokota njiani.

Basi juzi tukaketi sisi batatu nyuma ya nyumba, nikabaambia pole pole. Esperansi akaniangalia sana. "Mboko? Na mvua?" Kumbe naye ulimuambia! Kumbe na Amani! Mvua ileile, kikwembe ileile, "nyamaza" ileile. Esperansi alicheka mpaka akalia. Ndiyo maana alikuwa ananifulia nguo miaka yote ile, eti naye ananihurumia. Amani hakucheka. Alisimama, akaenda ku ziwa, hakurudi kula.

Juu ya nini ulifanya vile? Nikipata jibu, inanikimbia. Labda ulitupenda sawa. Labda wa kweli alikufa, ukaogopa kusema. Labda hata wewe ulishasahau. Muntu anaweza kusahau kitu kama hiyo? Sijui, Mama. Sijui kabisa.

Jana nikasimama na karatasi. Nilipofika kwa batoto, nikasoma majina matatu tu. Mujomba akauliza kwa nguvu, "Wa tumbo ni nani?" Amani akasimama. Nikasema moyoni, basi, ndugu yangu anachukua nyumba.

"Ni mimi," akasema. "Mama alinizaa Mboko, mu mvua." Halafu akamushika Esperansi mukono, akamusimamisha. "Na huyu, mvua ileile. Na yule mwenye karatasi."

Aka! Bamama ba ndagala bakapiga bigelegele, bajane ndio balianza. Mujomba aliangalia huku na huku akitafuta muntu wa kumuunga mukono, hakuona. Alirudi Fizi bila kuaga.

Nyumba iko yetu batatu, na tunakuahidi hatutaigawa. Hatutamuuliza muntu tena. Nimekubali, hata kama sielewi.

Ila kuna kitu inanichoma. Kama si wewe ulinizaa, basi kuna mama mwingine sikumulilia hata siku moja, na jina yake siijui. Kama yuko huko karibu na wewe, umusogezee mukeka akae. Umuambie mutoto wake alikula, alisoma, na hakukosa mama hata siku moja.

Pumzika, Mama.

Riziki wako