Nilimnyoa Baba Koo Likiniwasha

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanikasirikia. Mimi ni kinyozi, na nina ugonjwa wa kukimbia, kila Jumamosi alfajiri natimua kilomita thelathini halafu naingia dukani moja kwa moja na fulana imelowa jasho kwa sababu siku hiyo ndiyo ya wateja, nanyoa hadi jioni tumboni nina chai tu, na Jumapili naenda kumnyoa baba. Baba aliwekewa figo mwaka jana, aliyempa ni dada yangu mkubwa, na dawa anazomeza ili mwili usiikatae zinapunguza kinga, mafua kwake si mchezo. Sasa tangu nianze hizi mbio ndefu nashikwa na mafua kila mara, zamani sikuwa hivyo. Jumapili moja niliamka koo linawasha, nikajua kabisa kinachokuja, lakini baba hataki kinyozi mwingine, nilimkuta ameshakaa na taulo shingoni ananingoja, nikaona aibu kumrudisha ndani, nikamnyoa, uso kwa uso. Siku ya nne akalazwa, mapafu. Ameshatoka ila amekonda, na dada analaumu foleni ya kliniki aliyokaa baba wiki hiyo, nami nimekaa kimya kama sijui kitu. Mashindano yangu ni baada ya wiki sita. Niache mbio? Dada nimwambie?
Kinyozi

Mwanangu kinyozi,

Pole. Unampenda baba yako, hilo halina ubishi, na kama ni wewe au ni foleni iliyomwambukiza, huenda hatutajua kamwe.

Sasa acha nikuseme kidogo. Mbio za kiasi zinaujenga mwili. Kujikamua kilomita thelathini ni habari nyingine: wataalamu bado wanabishana, ila wapo wanaosema kinga hulegea kwa saa kadhaa, pengine siku nzima au zaidi. Na wewe saa hizo hizo unazipeleka wapi? Kwenye chumba kidogo, na njaa, na nguo mbichi, watu wanakupigia chafya puani kutwa. Jamani, mwili wako ni wa chuma? Kisha kesho yake unamwinamia mgonjwa.

Mbio usiache. Geuza ratiba. Jumapili mnyoe baba asubuhi, barakoa usoni hata ukijiona mzima, halafu ndiyo ukakimbie. Ukimaliza badili nguo, kula chakula cha maana, ulale. Koo likiwasha, viatu vikae mlangoni na kwa baba usikanyage; mpigie simu, anune akitaka. Mashindano nenda, ila ukitoka huko kaa mbali naye mpaka daktari wake aseme ni siku ngapi. Huyo daktari naye mweleze yote, asitibu kwa kubahatisha.

Kuhusu dada, mwambie leo. Ukinyamaza ataendelea kumlinda baba dhidi ya kliniki huku akikufungulia wewe mlango. Sema hivi: "Dada, nilikuwa na mafua, nilijua, na nilimnyoa." Usiongeze neno la kujitetea. Atafoka, pengine atalia, na ana haki. Yeye alikubali kupasuliwa kwa ajili ya baba. Wewe unaombwa simu moja tu, mwanangu. Piga.