Rangi Imeshika

Dada yangu mpenzi,

Sisi huku wazima. Paa halivuji tena, na Mama bado anagombana na redio kana kwamba itamjibu. Simu zako niliziona, ila sikupokea kwa sababu sauti ingeniumbua.

Unauliza kama ugonjwa wa mwanao Chiriku umeletwa na kule kuanguka kwake kitandani, au zile dawa ulizomeza ukiwa na mimba yake. Hapana, dada. Ndani ya seli, uzi wa urithi umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi wa cherehani yako kwenye bobini. Aina moja ya histoni imeharibika padogo mno, na seli za ubongo wake hazijui tena kuacha kukua, ndio huo uvimbe. Hukukosea popote.

Hapa maabara, kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe tunakipaka rangi ya kahawia, nayo hushika pale tu histoni mbovu ilipo. Ikishika vizuri tunapiga makofi, ndiyo desturi yetu. Jana wenzangu walipiga makofi. Kinyama kilikuwa cha nani, nilijua peke yangu. Nikasingizia rangi imezeeka, nikaanza upya, huku nikimwomba Mungu niharibu kazi.

Ilishika vizuri zaidi.

Daktari atakuita Jumatatu. Usiende bila shemeji. Na Chiriku akitaka kuongea, hata ulimi ukiwa mzito, usimkatize. Mwache aongee mpaka achoke.

Mdogo wako,
ninayeogopa simu yako