Uso Kwenye Shuka la Mgiriki

Arusha, jirani na boma

Kwa mama yangu mpenzi, Pangani.

Shikamoo, Mama. Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka, au bado unajifunga majani na kumwambia kila mtu umepona? Na paa la jiko limeezekwa, au Kaka Athumani angali anaahidi? Najua ndiye anayekusomea. Kaka, soma yote, usiruke mahali unapotajwa.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba Salama ana kazi tele, maana kila Mhindi anayefungua duka anataka milango ya mbao nzito, na fundi wa milango ni yeye. Salama anakua. Kiswahili anasema, na lugha ya wenyeji anaisema kunishinda mimi. Baridi ndiyo adui yetu. Asubuhi Mlima Meru haujitoi kwenye mawingu hata ukiuita, na mimi nafua huku meno yanagongana. Lakini nimezoea, Mama. Usinililie.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia mazimwi, ukifika pale zimwi linaponusa mlangoni unanyamaza, unachambua mchele wako kama vile hadithi imekwisha? Tulikuwa tunakufa kwa woga. Basi ujuzi ule umenipa jina huku ugenini.

Alikuja Mgiriki mmoja na gari la ng'ombe kutoka Moshi, amebeba mashine ya picha zinazotembea. Wanaiita sinema. Unatundika shuka, unafunga madirisha pasiingie mwanga, mashine inawashwa taa kali na kuzungushwa kwa mkono, na pale kwenye shuka unaona watu wanakwenda, farasi wanakimbia, moshi unapanda. Si uchawi. Baba Salama aliichungulia ndani, ni magurudumu na utepe.

Mhindi mmoja mwenye duka alimpa ghala lake, magunia yakasukumwa pembeni, na alasiri moja watu wakajaa: maaskari na wake zao, Wameru walioshuka kuuza ndizi, Waarusha na mashuka yao mekundu. Mgiriki akatangaza kuwa ataonyesha shetani, mwenye moyo mdogo atoke. Likatokea jitu lenye pembe, linaruka ndani ya moshi na kutoa ulimi. Mama, watu walicheka hadi vumbi la mahindi likatupalia! Mwarusha mmoja alisimama akauliza, "Huyu naye anaogopwa na nani? Mbona hata fimbo hana?"

Mgiriki alinuna. Jioni alikuja kwetu kumlilia Baba Salama, maana ndiye aliyemtengenezea fremu ya shuka.

"Fundi, watu hapana ogopa. Kwa nini?"

Baba Salama, mdomo wake huo, akamjibu, "Picha zako hazina msimulizi. Mke wangu anaweza kumtisha hata simba."

Nilikataa. Mimi mke wa mtu nisimame mbele ya wanaume nikipiga kelele? Ndipo Baba Salama akasema, simama nyuma ya shuka, wakusikie wasikuone. Hapo nikakubali, na nakwambia kweli, nilikubali haraka. Tangu nifike huku sikuwa nimesimulia hadithi kwa mtu mzima hata mmoja.

Nikamwomba anionyeshe picha zake kwanza. Yule mwenye pembe nikamtupa. Nikachagua moja ya mwanamke wa Kizungu aliye peke yake nyumbani. Mumewe amesafiri. Mlango unafunguka polepole, na hapo mlangoni hapana mtu. Basi. Mgiriki akasema hiyo haina kitu. Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo.

Siku ya pili ghala likajaa tena, wamekuja kucheka. Nikasimama nyuma ya shuka, limeloweshwa maji ili picha ing'ae, na matone yanaanguka miguuni pangu. Nikaanza kwa sauti yako, Mama, ile ya chini. Nikawaambia mwanamke huyu amesikia hatua uani, na mbwa hakubweka. Kwa nini mbwa hakubweka? Nikanyamaza. Wanaojua Kiswahili wakawanong'onezea wasiojua, na hofu nikaisikia ikienda hivyo, kutoka mbele hadi nyuma, kama upepo ndani ya migomba. Mlango ulipofunguka hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alianza kulia, mamaye akamziba mdomo.

Kisha kikaja kitu nisichokijua. Siku ya kunionyesha, Mgiriki alikuwa amekatiza picha kabla ya mwisho. Ghafla yule mwanamke hakuwa tena mwili mzima. Uso wake tu ndio uliojaza shuka lote kutoka juu hadi chini, mweupe kama majivu, macho makubwa kama sinia, na midomo inasema. Inasema, Mama, na sauti haitoki. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kama ulivyo karibu na jiko lako. Maneno yaliniisha. Nikabaki kimya, na ukimya wangu ndio uliomaliza kila kitu, maana watu sasa walisikia kelele ya mashine peke yake na ule mdomo unakwenda.

"Kichwa!" mtu akapiga yowe. "Wamemkata kichwa na bado kinasema!"

Basi ikawa vurugu. Magunia yalianguka, mlango mmoja wa Baba Salama ukang'oka bawaba zake. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu, ila askari mmoja alipoteza kofia na heshima. Mgiriki hakuacha kuzungusha mashine, nadhani mkono wake ulikuwa umegandia mpini kwa hofu.

Ghala likabaki tupu, lakini nikasikia mtu anakuja mbele taratibu. Nikachungulia pembeni ya shuka. Alikuwa Koko Nasieku, bibi anayeniletea maziwa kila asubuhi kutoka ng'ambo ya mto Ngarenaro. Wenyeji humwita kila bibi Koko. Binti yake wa pekee, Naserian, aliondoka zamani na msafara uliokuwa ukishuka pwani, ameolewa na mpishi wa msafara, na tangu hapo hakuna habari. Hilo aliniambia siku za mwanzo, nami sikumwuliza tena, maana niliona alivyolitamka.

Koko akasimama karibu kabisa na ule uso, akainua kichwa, akasema kwa lugha yao, nami naielewa kiasi hicho:

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Sikusikii."

Mgiriki, asiyejua neno alilosema, akanipungia mkono. "Mama, sema! Sema nini tu!"

Na ningeweza. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Sauti ilikuwa yangu, giza lilikuwepo, maneno ya lugha yao ninayo, na mama kwao ni Yeyo: Yeyo, mimi mzima, usilie. Angerudi nyumbani amefurahi. Lakini kumtisha mtu kwa hadithi ni mchezo ulionifunza wewe, na kumdanganya mama kuhusu mtoto wake hukunifunza.

Nikatoka. Nilipita mbele ya shuka, kwenye mwanga, na ule uso ukanikaa mimi juu ya kanga, jicho kifuani na mdomo tumboni. Nikamshika mkono.

"Koko, ni mimi, Mama Salama. Aliyekuwa akisema ni mimi. Huyu si Naserian."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kidogo.

"Kwani mimi kipofu? Huyu ni mzungu. Mwanangu mweusi kama mimi, na jino la mbele hana."

"Sasa mbona unamwita?"

Alipitisha kidole kwenye kanga yangu, pale mdomo ulipokuwa unacheza.

"Siku aliyoondoka," akasema, "mto ulikuwa umejaa. Wao walikwisha vuka. Nilichelewa. Akageuka akaniona, akasema neno. Namwona midomo inakwenda hivi hivi, na maji yanapiga kelele. Sikusikia. Akasema tena. Kisha wakamwita, akaenda." Akainua mabega. "Nikadhani labda huyu nitamsikia."

Koko akaketi juu ya gunia lililoanguka.

"Mwambie arudie," akasema.

Mgiriki akarudisha utepe wake, akazungusha tena. Nikaketi na Koko upande wa mbele, sikusimulia kitu. Uso ulipokuja alishika goti langu, akautazama hadi ulipozimika. Tulipogeuka, mlango wazi ulikuwa umejaa watu wamechungulia, na yule Mwarusha wa fimbo akauliza kwa sauti ndogo kama bado kuna nafasi. Tangu hapo ghala hujaa kila alasiri. Wanakuja kuogopa kwa hiari yao, na nimemwambia Mgiriki mlango usifungwe kwa komeo. Mwezi ujao atarudi Moshi. Ameniomba tufuatane, nikamwambia sinema ni yake, nyumba ni yangu.

Nisalimie Baba kaburini, umsomee Fatiha kwa niaba yangu. Nisalimie shangazi msusi wa mikeka, mwambie ule wa ukili mwembamba Salama bado analalia. Nisalimie mjomba muadhini, na wifi yangu mke wa Athumani, asichoke kumkumbusha paa. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mwambie herufi hizi ni zake.

Na hili, Mama, usilifanye dogo. Wewe huna mlango usioujua hapo mjini, na misafara mingi ya huku iliishia kwenu. Waulize wanawake kisimani, waulize wapika maandazi, wake za wapishi hasa. Mwanamke wa bara, jina Naserian, huenda wamempa jingine, hana jino la mbele, umri wake sasa kama wa dada yangu mkubwa. Ukimpata mwambie mama yake yu hai na ng'ombe anakama mwenyewe. Usimwambie arudi, Koko hakuniagiza hivyo. Mwulize tu, siku ile ng'ambo ya mto, alisema nini. Uniandikie neno kama alivyolitamka, hata kama ni dogo, nami nitampa Koko asubuhi ile ile barua ikifika, kabla hajanimiminia maziwa.

Mimi mwanao ninayekuamini,
Mwanakombo, mama Salama