Bega la Kushoto

Mdogo wangu,

Barua yako na kitambaa chekundu vimefika. Cherehani imepata mkanda mpya, na miguu ya Mama bado inamsumbua.

Uliniandikia vipimo vya kizibao cha mchezaji wa kikundi chenu cha ngoma, jina hukuandika. Nilikuwa namsomea Mama, nikafika pale unaposema bega lake la kushoto limeshuka nusu inchi.

"Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia mwandiko wako hausomeki.

Bega hilo nimelishonea miaka tisa, mpaka siku mume wangu alipoaga kwamba anakwenda kutafuta kazi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekikata, nimekishona na kukipiga pasi.

Kiunoni nimekibana kama ulivyotaka, na bega nimelijazia pamba lisionekane. Unajua kila nguo yangu huwa naacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono, mwenyewe akinenepa ipanuliwe. Katika hiki sikuacha hata upana wa kidole. Akinawiri kwa mapishi yako, mtafute fundi mwingine.

Mama anakusalimu. Anauliza lini utamleta mchumba nyumbani amjue. Hilo umjibu wewe.

Ni mimi,
dada yako