Mvua ya Mwezi wa Nane

Mbinga

Mama yangu,

Shikamoo. Huo mkono wako wa kulia unaendeleaje na baridi hii? Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwenye karatasi, na mwalimu mwenzangu anayekuja Tengeru atakukabidhi mwenyewe, kwa sababu ujumbe wa simu unapitia kwa kaka Elia, na Elia hamfichi Baba Mdogo kitu.

Ombi lako nimelipata. Nimwombe Baba Mdogo radhi, niseme nilimsingizia, ili akubali kusimamia harusi ya Elia.

Kikao cha ukoo unakikumbuka. Nilisimama nikasema nilimwona akikukata kwa panga, siku alipokuja kudai shamba la marehemu baba, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha kwa kishindo. Wazee wakacheka. "Mvua mwezi wa nane? Binti, hiyo ilinyesha huko chuoni kwenu?" Baba Mdogo akamalizia, "Aliyetunga mvua atashindwa kutunga panga?" Nikakutazama. Ukainama, ukawa unafunga kanga yako upya.

Tangu hapo najishuku. Najua mwezi wa nane Meru ni vumbi tupu. Lakini mvua niliisikia, Mama.

Juzi jirani yangu alikuwa anamwaga kahawa kavu juu ya bati. Nikatoka mbio kuanua nguo. Jua kali. "Mwalimu, unaanua nini, mbona bado mbichi!" Akacheka sana. Mimi nikakaa chini palepale. Siku ile ya panga Baba Mdogo alipindua kichanja chetu cha kuanikia, kahawa yote ikamwagikia mabati ya jiko jipya yaliyokuwa yamelazwa chini. Hiyo ndiyo mvua yangu. Hofu iliichukua sauti ikaipa jina lisilo lake. Panga haikuligusa.

Nawe ulikuwepo. Hospitali ulisema ulijikata ukikata majani ya ng'ombe. Mama, anayeshika panga kwa mkono wa kulia anajikataje mkono huohuo?

Najua unaishi naye uzio kwa uzio, na mimi niko mbali. Lakini usiniombe niogope kwa niaba yako.

Wasomee wazee: kuhusu mvua nilikosea, naomba radhi. Haikunyesha. Mengine yote yanabaki. Kisha, ukiweza, kunja mkono wa gauni waone kovu.

Nisalimie bibi, na shangazi, ambaye siku ya kikao alinishika bega nilipotoka. Elia namtakia ndoa yenye amani. Baba Mdogo sina salamu zake.

Binti yako, ambaye hakuongopa,
Aikande