Shati la Masanja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Umenizidi mwaka mmoja, lakini babu yako ni kaka yangu wa baba mmoja, kwa hiyo mimi ni babu tu, utake usitake. Huku Mkolani wote wazima, bibi anakohoa kidogo.

Umeuliza, kwa ajili ya insha yako, nani mkali wa pool Kanda ya Ziwa nzima. Kijiweni nilishatangaza ni mimi, ndipo wabishi wakamleta Masanja kutoka Sengerema. Chaki ikanidondoka mara mbili. Nikishindwa, uso nitauficha wapi?

Masanja alibakiza mpira mweusi tu. Akainama, kisha akanyanyuka.

"Shati langu limeugusa mpira, ni faulo. Zamu yako, bwana mdogo."

"Hakuna aliyeona!" watu wakapiga kelele.

"Mimi nimeona."

Nikaingiza mipira yangu yote, na mweusi juu. Wakanibeba.

Tangu siku ile najiuliza: shati lingekuwa langu, ningesema? Swali hilo linaninyima raha. Basi wewe andika Masanja. Ila kijiweni wasijue.

Babu yako, asiye na mvi hata moja,
Juma